Wenzo Uliokwama: Uchambuzi wa Kisa cha Bastola ya Gumegume Yenye Gololi Nyingi

Kisa hiki kilitokea Uingereza, katika karakana ya kuhifadhi vyuma vya kale. Majina ya wahusika, mji na jina la fundi aliyeitengeneza bastola yameondolewa. Nimekiandika kwa Kiswahili kwa sababu ziko familia nyingi za kwetu zenye gobori au bunduki ya gumegume iliyoachwa na babu, na zipo nyumba za makumbusho zenye silaha za aina hiyo. Maswali yaliyozuka hapa yanaweza kuzuka kwao siku yoyote.

Usuli

Ndugu watatu walirithi vitu vya baba yao. Miongoni mwake palikuwa na sanduku la mbao za mwaloni lenye bastola moja ndani. Walijua ni ya zamani, walijua ina thamani, na basi. Baba yao alikuwa akiwaambia kwamba bastola ile inapiga mara nyingi bila kushindiliwa upya, nao wakiwa watoto walidhani ni hadithi tu, kwa kuwa silaha ya jiwe la gumegume kila mtu anaijua: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia gololi, unafyatua mara moja, kisha unaanza tena. Askari aliyezoezwa vizuri wa karne ya 18 alijitahidi kufikisha milio mitatu kwa dakika.

Siku moja kaka mkubwa alimwonyesha mgeni bastola hiyo. Akashika wenzo mdogo ulioko ubavuni kushoto, akauzungusha kwenda mbele. Ukaenda, ukagota, na haukurudi tena. Hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Bastola yenyewe

Baba hakuwa akisimulia ndoto. Bastola hii ni ya mtambo unaoitwa kwa jina la Michele Lorenzoni, fundi wa Florence, Italia, aliyefanya kazi kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Wazo lenyewe halikuwa lake peke yake. Giacomo Berselli wa Bologna alitengeneza silaha za namna hiyo takriban wakati huohuo. Huko London, Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini, aliandika katika shajara yake ya Julai 1662 juu ya bunduki inayopiga mara saba, na mwaka 1664 Abraham Hill alipewa hati ya ugunduzi iliyotaja silaha za kupiga mfululizo. Baadaye John Cookson wa London alitengeneza bunduki nzuri sana za mtambo huu, na hata kuelekea mwaka 1800 H. W. Mortimer, fundi wa Fleet Street, alikuwa bado anatengeneza bastola za mtambo huu. Mtambo ulidumu zaidi ya miaka mia moja, na muda wote huo ukabaki adimu. Sababu ya uadimu wake ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo inafaa tuutazame kwa karibu.

Ndani ya mpini mna vyumba viwili virefu, kimoja cha baruti na kingine cha gololi za madini ya risasi. Mbele ya vyumba hivyo, nyuma kabisa ya mtutu, imelazwa ngoma ya shaba nyeupe au ya chuma, inayozunguka ndani ya fremu kama koki ya bomba. Ngoma ina vishimo viwili. Mwenye bastola anaielekeza chini, mpini juu, kisha anazungusha wenzo kwenda mbele. Vishimo vya ngoma vinakutana na milango ya vyumba: gololi moja inaanguka katika kishimo kimoja, baruti ya kipimo kimoja inajaza kingine. Anaurudisha wenzo. Kishimo cha gololi kinapita kwanza nyuma ya mtutu na kuiacha gololi hapo. Haidondoki kwa kuwa ni kubwa kidogo kuliko kipenyo cha mtutu. Halafu kishimo cha baruti kinakuja kutulia nyuma yake, na hichohicho ndicho kinachokuwa chumba cha mlipuko. Mwendo huohuo mmoja wa mkono unamimina baruti laini kwenye kisahani cha kuwashia moto kutoka kijisanduku cha ubavuni, unafunga bamba la chuma litakalogongwa na jiwe, na unainua nyundo inayoshika jiwe hilo. Kinachobaki ni kufyatua.

Sasa fikiri mlipuko unatokea wapi. Unatokea ndani ya ngoma, upana wa vidole vichache kutoka kwenye chumba kilichojaa baruti, na chumba hicho kimo ndani ya kiganja cha mpigaji. Kati ya moto na akiba hiyo ya baruti hakuna kizuizi isipokuwa jinsi ngoma ilivyokaa ndani ya fremu. Hakuna mpira wala ngozi ya kuziba. Kuna vyuma viwili tu vilivyosuguliwa kwa mkono hadi vikashikana, lakini visishikane kiasi cha kukataa kuzunguka. Ngoma ikiwa na nafasi ya unywele, ulimi wa moto unarudi nyuma na mpini unalipuka mkononi. Kila bastola ya namna hii ilihitaji fundi wa kiwango cha juu na siku nyingi za kusugua na kujaribu, na bei yake ilikuwa ya watu wenye fedha nyingi. Jeshi halingeweza kununua maelfu ya vitu hivyo, wala mafundi wa kuvitengeneza wasingepatikana.

Kwa upande wangu, mkaao huo wa ngoma ndio kazi ya sanaa iliyo kubwa kuliko zote katika bastola hii. Nakshi za majani kwenye bamba la ubavu ni nzuri, mbao za mjozi za mpini zimechongwa kwa mkono uliotulia, lakini nakshi nzuri zilikuwako kwenye silaha nyingi za wakati ule. Uso wa ngoma unaong'aa bila mkwaruzo, uliokaa katika tundu lake bila kuacha mwanga upite, hauonekani ukiwa umefungwa, na mtu anaweza kuuharibu kwa dakika moja akitafuta kusaidia.

Mambo yalivyokwenda

Wenzo ulipokwama, kaka mkubwa aliamua kwamba tatizo ni kutu. Ni jibu la kwanza linalomjia kila mtu mbele ya chuma cha zamani. Alimwita mtu wa mtaani anayetengeneza vyuma, naye akapulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ukingo wa ngoma na kuacha usiku kucha. Asubuhi wenzo ulikuwa palepale. Yule mtu akashauri koleo. Hapo dada yao akakataa. Hakuwa na elimu ya silaha, ila alisema kitu kilichokwenda vizuri kisha kikagota ghafla hakikuzuiwa na kutu, kwa sababu kutu humzuia mtu tangu mwanzo.

Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa, na iliokoa bastola.

Wakati huohuo mdogo wao, kwa nia njema, alikuwa ameshaanza kung'arisha bamba la ubavu kwa sufi ya chuma na dawa ya kusafishia shaba. Aliposimamishwa, sehemu ya nakshi ilikuwa imepoteza makali yake.

Bastola ililetwa karakana ikiwa katika hali hiyo: wenzo umekwama mbele, nyundo imeinuka nusu, mafuta yakichuruzika kando ya ngoma. Kitu cha kwanza kilichoandikwa katika fomu ya mapokezi ni kwamba ichukuliwe kuwa ina baruti hadi ithibitike haina. Hakuna aliyegusa nyundo. Jiwe lilifunikwa na kisha likatolewa kwa kulegeza skrubu ya taya za nyundo, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye ndoo ya mchanga. Kijiti cha plastiki kilipitishwa mtutuni na kupimwa kwa nje: kilifika hadi kwenye ngoma. Hapakuwa na gololi mtutuni.

Kisha kikafunguliwa kifuniko kidogo cha ubavuni ambacho mwenye bastola alikitumia kujazia vyumba vyake, na kamera nyembamba ikaingizwa. Katika chumba kimoja ilionekana punje nyeusi zilizogandamana. Ilikuwa baruti. Katika kingine zilionekana gololi, lakini hazikuwa na rangi ya kijivu ya risasi. Zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoa baruti kabla ya jambo lolote lingine, hata kabla ya eksirei. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura (chumvi ya nitrati), mkaa na kiberiti cha unga, yaani salfa, na ikikaa pakavu haichoki. Ya miaka mia mbili inawaka kama ya jana. Polisi walijulishwa, na fundi wa silaha mwenye leseni akaja kusimamia.

Wengi wangesema: mimina maji, baruti ife. Ni kweli maji yanaiua, kwa sababu yanayeyusha shura. Lakini maji yenye shura ni sumu kwa chuma, na yangenywewa na mbao za mpini zilizozunguka vyumba vyote viwili, mahali ambapo hakuna kitambaa kingefika kukausha. Tungeondoa hatari ya leo na kupanda kutu ya miaka ijayo. Kwa hiyo baruti ilichokonolewa ikiwa kavu, kwa vijiti vya mianzi, kidogo kidogo, ikidondokea kwenye trei yenye karatasi iliyoloweshwa. Hapakutumika chombo cha chuma wala mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuhofia cheche na umeme tuli. Mabaki ya mwisho ndiyo yaliyofutwa kwa pamba yenye unyevu mdogo, kisha kwa spiriti.

Kazi hiyo ingekuwa nyepesi kama mafuta yasingepuliziwa. Yalikuwa yamepenya hadi kwenye chumba cha baruti na kufanya tope jeusi lililoshika kuta. Sehemu kubwa ya muda wa karakana ilikwenda kwenye tope lile, na siyo kwenye tatizo lenyewe.

Baada ya hapo ikapigwa eksirei. Madini ya risasi huzuia miale kuliko chuma, kwa hiyo gololi zilijitokeza bila shaka yoyote. Moja ilikuwa nusu ndani ya kishimo cha ngoma na nusu bado mlangoni mwa chumba chake. Kaka mkubwa alipozungusha wenzo, gololi ilijaribu kuanguka mahali pake kama ilivyokusudiwa, ikabana njiani. Ngoma haikuweza kurudi bila kuikata.

Swali likawa ni kwa nini gololi isitoshe kwenye kishimo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Jibu lilikaa kwenye droo ya jikoni ya dada. Alipoulizwa kama sanduku lilikuwa na vitu vingine, alikumbuka kifaa cha chuma chenye mikono miwili ambacho familia ilikuwa ikivunjia njugu. Kilikuwa kalibu ya gololi, yaani chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyushwa ipate umbo la gololi. Sanduku lina nafasi yake iliyochongwa, na kalibu ikakaa humo bila kubakisha pengo. Kipenyo cha kalibu kilipimwa, kikalinganishwa na picha za eksirei: kiini cha kila gololi kilikaribiana nacho sana. Gololi zilikuwa za bastola hii hii. Kilichoongezeka ni ganda jeupe juu yake.

Ganda lile lilipimwa maabara, likawa kaboneti ya risasi. Wanaohifadhi vitu vya kale wanaijua sana. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki kwa miaka na miaka, hasa zikiwa zimefungiwa mahali pasipo hewa, na mvuke huo unaila risasi. Kutu yake ni nyeupe, ina unga, na inachukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyoliwa. Sanduku zuri lililotengenezwa kuilinda bastola lilikuwa linanenepesha gololi zake, na katika mtambo ambao kila kitu kimekadiriwa kwa unywele, unene huo mdogo ulitosha.

Njia ya kuiondoa ilijadiliwa kwa muda. Koleo lilikataliwa bila mjadala: wenzo ungepinda, gololi ingekatika, na vipande vyake vyenye ganda gumu vingeukwaruza uso wa ngoma. Kufungua fremu na kuitoa ngoma kulivutia zaidi, na mmoja wetu aliitetea njia hiyo kwa nguvu, kwa hoja kwamba tungeona kila kitu na kusafisha kila kitu. Hoja dhidi yake ilitokana na skrubu. Mifereji ya vichwa vyake ilikuwa bado na makali, nakshi iliyopita juu yake ilikuwa imenyooka mstari mmoja na ya bamba, na hapakuwa na dalili ya bisibisi. Huenda hazijafunguliwa tangu zitoke mikononi mwa fundi. Skrubu ikishafunguliwa, ushahidi huo hauwezi kurudishwa. Ikaamuliwa kwamba kufungua kuwe njia ya mwisho.

Basi bastola ikasimamishwa mdomo juu, ili uzito wa gololi uzivute mbali na ngoma, na ganda likapunguzwa pole pole kwa kijiti cha mfupa kupitia kifuniko cha ubavuni, huku kamera ikionyesha njia. Mfanyakazi alivaa barakoa na glavu, maana unga wa risasi ni sumu ukivutwa au ukiliwa. Gololi ikalegea, ikaanguka chumbani. Wenzo ulirudishwa kwa vidole viwili.

Matokeo

Mtambo ulikamilisha mzunguko wake wote: kisahani kilifungwa, nyundo ikapanda, ngoma ikatulia nyuma ya mtutu. Gololi zote zikatolewa. Tulipojaribu kupitisha karatasi ya sigara kati ya ngoma na fremu, haikuingia upande wowote. Baada ya karne mbili na zaidi, kazi ya yule fundi ilikuwa bado imeshikana, na sijui sifa gani nyingine angeitaka.

Mdogo wao aliomba ifyatuliwe mara moja, irekodiwe kwa video, halafu isiguswe tena. Ombi lilikataliwa, na hata fundi wa silaha aliyesimamia hakulitetea. Ngoma inaweza kubana karatasi na bado ikawa na ufa ndani ambao haujitokezi katika eksirei ya upande mmoja. Badala yake mwendo wa mtambo ulirekodiwa ukizungushwa mtupu, mara chache, bila jiwe, na picha za eksirei zikapangwa kuonyesha njia ya gololi.

Bamba lililosuguliwa halikuguswa tena. Makali ya nakshi hayarudishwi ila kwa kuchonga upya, na kuchonga upya ni kuandika juu ya mwandiko wa mtu mwingine.

Uchambuzi

Kilichofaulu kwanza ni swali la dada. Kwa uzoefu wa karakana, vitu vingi vya kale havikuharibiwa na miaka. Viliharibiwa katika muda mfupi ule kati ya tatizo kuonekana na chanzo chake kujulikana, kwa sababu mtu alitenda kwanza. Tofauti kati ya kitu kilichoganda polepole na kitu kilichogota ghafla ilikuwa mbele ya macho ya wote, lakini ni mmoja tu aliyeitolea maana.

Cha pili ni mpangilio: jiwe, mtutu, baruti, eksirei, ndipo gololi. Eksirei ingeweza kutangulia na kutupa jibu mapema, na kwa muda nilidhani ingefaa. Nikipima sasa naona mpangilio uliofuatwa ulikuwa bora, kwa kuwa kupiga eksirei kulihitaji kuisafirisha bastola barabarani na kuipitisha mikononi mwa watu wasiozoea silaha. Heri kuchelewa kujua kuliko kusafirisha mpini wenye baruti na nyundo iliyoinuka nusu.

Kalibu iliyookotwa jikoni ilibadilisha kazi yote. Bila kipimo chake tungeweza kuhitimisha kwamba mtu fulani alijaza gololi zisizo zake, maelezo ambayo yangeridhisha na yangekuwa ya uongo. Tena tungezirudisha gololi na bastola kwenye sanduku lilelile, na ganda lingeendelea kukua. Anayepokea kitu cha kale aulize juu ya vitu vilivyokaa nacho, na aulize hadi droo za jikoni.

Kilichoshindikana: mafuta. Hayakufika kwenye kilichokwama, yakafika kwenye baruti na mbao, na doa moja chini ya fremu litabaki. Usafishaji wa bamba nao ulipunguza thamani ya bastola sokoni, lakini hasara hiyo inanisumbua kidogo kuliko nyingine: alama za ncha ya patasi ya mchongaji, ambazo zingesaidia kulinganisha kazi hii na bastola nyingine na kumtambua mchongaji wake, zimefutika katika eneo lile.

Baruti yote iliteketezwa kwa mujibu wa taratibu. Kama punje chache zingeombewa kibali na kupelekwa maabara yenye leseni, ukubwa na umbo lake vingesaidia kukadiria ni lini bastola ilijazwa kwa mara ya mwisho. Ombi kama hilo lifanywe kabla ya kifuniko kufunguliwa, kwa sababu baada ya hapo huenda mamlaka zikachukua kila kitu.

Kuhusu sanduku palikuwa na mvutano. Wawili kati ya ndugu walitaka litupwe, kwa kuwa ndilo lililosababisha. Dada alitaka bastola irudi ndani, kwa kuwa vilitengenezwa pamoja. Sasa sanduku limehifadhiwa wazi katika rafu yake pamoja na kalibu, bastola iko kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, na gololi zimo katika kichupa cha plastiki chenye lebo, ile iliyokwama ikiwa peke yake, mstari wa ukingo wa ngoma ukiwa umeandikika kwenye ganda lake.